Herufi Zenye Visigino

Kunegunda hakuwachukia watu. Aliwadharau tu, na kwa maoni yake hiyo ilikuwa hisani, maana chuki humlazimisha mtu amfikirie anayemchukia, ilhali dharau humwachia nafasi ya kufanya kazi zake. Aliwadharau wenye maduka mapya ya karibu na soko la Songea, waliopakaza majina yao ukutani kwa rangi ya mafuta, kila herufi ikitazama upande wake kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Aliwadharau walimu waliopiga mstari chini ya kila neno. Hata mapadre aliwadharau, kwa upole, kwa kuwa walimletea matangazo ya ndoa yaliyoandikwa mgongoni mwa bahasha.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na ishirini na minane kati ya hiyo aliimaliza amesimama mbele ya makasha ya herufi za risasi, katika kiwanda kidogo cha chapa ambacho kwanza kilikuwa cha misheni, kisha cha ushirika. Ujanani aliishi utawani miaka mitatu, akatoka kabla ya nadhiri. Watu wa Bombambili, alikopanga vyumba viwili, waliendelea kumwita Sista, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Utawani alijifunza mambo mawili: kusali na kupanga herufi. Sala alizifupisha kadiri miaka ilivyokwenda. Herufi hakuzifupisha kamwe. Aliziokota mojamoja kutoka kwenye kasha, kila moja kipande cha risasi chenye uso uliogeuzwa, akazisimamisha mkononi neno baada ya neno mpaka ukurasa mzima usimame, na hakuhitaji kuzitazama.

Kati ya makasha yote ya kiwanda, moja halikuguswa na mkono mwingine. Humo zilikaa herufi nene.

Unene wake haukuwa wa kushiba. Mihimili yake ilisimama kama nguzo za ghala, lakini pale mhimili ulipounganishwa na mwenzake mstari ulikonda ghafla, ukawa uzi. O yake ilijaa mashavuni na kukonda utosini. R yake iliutanguliza mguu mmoja mbele, kama mtu anayeingia barazani akijua kwamba atapishwa. Na kila mhimili, juu na chini, uliishia kwenye kijistari kidogo kilicholala, ambacho pale kiwandani walikiita kisigino. Visigino hivyo ndivyo alivyovipenda Kunegunda kuliko yote. Herufi isiyo na visigino, alisema, husimama ukurasani kama mtu aliyevuliwa viatu mbele ya wageni. Haijui iweke wapi miguu yake. Hii ilikanyaga. Ilipokwisha kukanyaga haikusogea.

Kwa sababu hiyo aliitumia kwa uchache. Neno TANGAZO. Jina la marehemu kwenye kadi ya kumbukumbu. Jina la mwanafunzi kwenye cheti, na si zaidi ya hapo. Mteja akitaka sentensi nzima kwa herufi nene, Kunegunda alimwuliza kama nyumbani kwake huomba chumvi kwa kupiga mbiu. Sauti kubwa ni ya kuitia watu. Wakishakuja, unawasimulia kwa sauti ya kawaida. Ukurasa mzima wa herufi nene ni baraza ambalo wazee wote wamesimama na kusema kwa wakati mmoja.

Zilikuwa na kasoro moja, ambayo hakuwaambia wageni. Wamisionari walizileta kutoka Ujerumani kabla ya vita, na zilihesabiwa kwa mahitaji ya lugha ya huko, ambayo hula E kwa wingi na kuonja A kwa uchache. Kiswahili hakishibi A. Kasha lilikuwa na E za kumwaga, lakini A kubwa zilikuwa kumi na moja tu, na sentensi mbili za Kiswahili zilizimaliza. Mafundi wa viwanda vingine huko nyuma waliwahi kuigeuza V kichwa chini na kuikwaruza mstari katikati. Kunegunda aliwajua kwa majina, na alipoyataja majina hayo alifuta mikono kwenye aproni.

Ushirika ulipouza mali zake, kiwanda kilinunuliwa na Leonce, aliyekuwa karani wa stoo hapo hapo. Leonce alijiita mkurugenzi. Kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kujichapishia kadi za jina kwingine, kwa herufi zilizojikunja kama minyoo, akamwonyesha Kunegunda. Kunegunda aliigeuza kadi, akasoma upande mweupe, akasema, "Upande huu ni mzuri."

Mwezi Oktoba wa mwaka tisini na nne, Leonce aliingia kiwandani pamoja na mwanamume kijana mwenye miwani ya jua iliyoning'inia kifuani.

"Shikamoo, mama," alisema kijana.

"Marahaba." Hakuinua macho.

"Mama, huyu ni Bwana Brayson," alisema Leonce. "Alikuwa kwenye madini Tunduru, sasa anaingia kwenye korosho. Si unajua siku hizi biashara ni huru."

"Najua. Hata ujinga wamekwisha kuufungulia."

Brayson alicheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuamua kwamba atapata anachokitaka. Akatoa karatasi na kuiweka juu ya meza ya kazi. Kunegunda akaisoma. Wakulima wote wa korosho wa Namasakata na vijiji vya jirani walitangaziwa kwamba korosho zitapokelewa katika ghala la kijiji kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, zikaushwe, zichambuliwe, watakaochelewa watakosa nafasi. Akaisoma tena.

"Jina la mnunuzi liko wapi?"

"Si lazima, mama."

"Na bei?"

"Watasomewa pale pale mzanini."

"Unataka herufi gani?"

"Zile za ushirika. Nene, zenye miguu. Maneno yote."

Kunegunda akaiweka chini fremu aliyokuwa ameishika. Kwa zaidi ya miaka ishirini, kila tangazo lililobandikwa kwenye milango ya maghala ya mkoa ule lilitoka kwenye kasha lake. Mkulima asiyeweza kuunganisha silabi aliitambua sura ya herufi ile kutoka ng'ambo ya barabara, kama anavyolitambua gari la mkuu wa wilaya kwa vumbi lake. Kijana huyu hakutaka kuwaambia wakulima jambo. Alitaka wadhani kwamba wameamriwa, wabebe mazao yao wayafikishe mlangoni pake kabla wanunuzi wengine hawajafika, na wakishafika na magunia kichwani, nani atayarudisha?

"Mle hamna neno la uongo," alisema Brayson, kana kwamba amemsikia. "Nionyeshe moja."

"Sikusema maneno yanadanganya." Akamgeukia Leonce. "Huyu hakuja kuchapisha tangazo. Amekuja kukodi sare ya askari."

"Mama, tafadhali. Huyu ni mteja."

"Na mimi si duka la mitumba. Mwambie nimekataa."

Brayson hakuonyesha kuudhika. Alitia mkono mfukoni, akatoa karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya ile ya kwanza.

"Basi hizi zitatosha. Wamenitengenezea pale kwenye ofisi yenye kompyuta. Nilipita kwenu kwa kuwa nilisikia ninyi ndio wenye zile zenyewe."

Kunegunda akaiangalia karatasi hiyo. Mtu alikuwa ameichukua herufi nyembamba na kuiamuru mashine iinenepeshe. Ikanenepa kila mahali sawasawa, mhimili na uzi, kama unga uliotiwa maji mengi. Visigino vilikuwa vimevimba. Tundu la A lilikuwa limeziba, na kati ya T na A palikuwa na mtaro ambao mtoto angeweza kutumbukia. Jambo hili lilikuwa likienda kubandikwa kwenye milango ile ile ambayo kazi yake ilikuwa imebandikwa, likijiita kazi yake.

"Hii," alisema taratibu, "hata mbuzi hataila."

"Watu wa kule watajua tofauti gani, mama?" aliuliza Brayson.

"Kweli kabisa," alidakia Leonce. "Watajua tofauti gani?"

Hapo ndipo kosa lilipoanza, na lilianza kama yanavyoanza makosa mengi ya mafundi, kwa kuiona kazi mbaya. Sauti mbili zilisema ndani ya Kunegunda. Ya kwanza ilisema kwamba tangazo lile ni mtego, na mtego mbovu ni heri kuliko mtego mzuri. Ya pili ilisema kwamba watu watajua tofauti. Ni lazima wajue. La sivyo miaka ishirini na minane amekuwa akiwapangia vipofu. Sauti ya pili ndiyo iliyokuwa na visigino.

"Lete hapa," alisema.

Aliifanya kazi hiyo kwa siku mbili. A zilimwishia mstari wa tatu, naye akaligawa tangazo, akachapa nusu ya juu, akazirudisha herufi kashani, akapanga nusu ya chini na kuzipitisha karatasi zote mashineni mara ya pili, bila mstari mmoja kupishana na mwenzake hata kwa unene wa ukucha. Leonce aliyekuwa na haraka alitaja V. Kunegunda alimtazama mpaka akatoka nje. Kati ya T na A alikata kwa tupa pembe ndogo ya risasi ili herufi hizo zisogeleane. Tangazo lilipotoka lilikuwa kitu kizuri kuliko vyote alivyochapa tangu ushirika ufe. Brayson aliinua karatasi moja kwa mikono miwili.

"Hata mimi ningepeleka korosho," alisema, akacheka, akapakia mafurushi yake.

Nakala moja ilibaki kwenye kamba ya kukaushia. Ijumaa asubuhi Hilda, mama aliyewaletea chai na maandazi, aliingia na birika lake kama kila siku, huku akimsimulia Kunegunda habari za jirani aliyefumaniwa. Katikati ya sentensi aliliona tangazo. Akanyamaza. Akaliweka birika chini, akaitengeneza vizuri kanga yake kifuani, akasogea.

"Serikali inasemaje, Sista?"

"Nani kakwambia ni serikali?"

"Si inaonekana tu." Hilda hakugeuka. "Korosho. Basi, maskini, watapeleka."

"Pale pameandikwa jina la nani?"

"Jina la nini tena? Wewe mwenyewe ndiye unayezichapa." Akamimina chai, akaiweka pembeni, na ile habari ya fumanizi hakuimalizia.

Kunegunda hakuinywa chai hiyo. Alikuwa amepata alichokuwa akikitaka maisha yake yote: mtu ambaye si fundi, amesimama mbele ya kazi yake, na kazi ile ikimwingia kila mshipa. Siku nzima aliokota herufi akakosea. Jumamosi na Jumapili alijieleza kwa sauti chumbani kwake kwamba wakulima ni watu wazima. Jumatatu, siku ambayo ghala lingefunguliwa, alimwambia Leonce kwamba anaumwa, na kesho yake akavaa gauni lake la Pasaka, akapanda basi la Tunduru.

Siku nzima ilikwisha njiani. Jumatano asubuhi alikaa nyuma ya baiskeli ya kukodi, mkoba magotini, na hadi walipofika Namasakata alikuwa amekwisha kuipanga hotuba yake kama alivyopanga kurasa: kichwa cha habari, nafasi, maelezo. Angewakuta wamepanga foleni na magunia yao. Angesimama mbele yao na kuwaambia warudi nyumbani. Wangemwamini, kwa kuwa angewaambia kwamba herufi zile ni zake.

Hapakuwa na foleni. Mbele ya ghala lilisimama lori tupu, na mlangoni, kushoto na kulia, matangazo mawili yaling'aa juani, meusi tititi, yamenyooka. Chini yake, karibu na mzani, Brayson alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja. Miwani safari hii ilikuwa machoni.

"Mama Kunegunda," alisema, bila kushangaa sana. "Umekuja kuangalia msiba?"

"Ziko wapi korosho?"

"Nami nakuuliza wewe. Leo siku ya tatu. Hata kikapu kimoja."

"Labda hawajaliona tangazo."

"Wameliona. Niliwaona wakiliona." Akaonyesha barabara kwa kidole. "Mtu anakuja na baiskeli, anaimba. Akifika pale anaziona, anaacha kuimba. Anageuza baiskeli. Sasa kijiji kizima hakina mwanamume wa kumsalimia. Ningebandika yale ya kompyuta, pengine wangecheka wakaja. Herufi zako, mama, zimeoza."

Katika maisha yake Kunegunda aliwahi kuambiwa mengi, lakini hilo hakuwahi kuambiwa. Alimwacha pale bila kuaga, akaufuata ukuta wa ghala mpaka kwenye nyumba ya kwanza.

Uani alikaa bibi mmoja juu ya mkeka, akimenya njugu. Uso wake ulikuwa mpana na mtulivu, na mikono yake haikusimama alipomwona mgeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkeka." Alimtazama gauni, akamtazama viatu. "Umetoka mjini. Wewe ni wa yule wa mzani?"

"Hapana. Naitwa Kunegunda, natoka Songea. Nimekuja kuwaambia watu wasipeleke korosho."

"Apeleke nani?" Bibi alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi ni Abiti Kalembo. Hapa utanikuta mimi na vikongwe wenzangu. Wanaume wako porini na korosho zote, wamezifunika kwa majani. Waliondoka Jumapili, siku ile karatasi zilipobandikwa."

"Kwa nini? Mlijua kwamba si ya serikali?"

"Lahaula! Tungejua si ya serikali tungekimbia nini? Tungekwenda tukabishane naye bei." Akatupa ganda. "Mimi sikusoma, mwanangu. Lakini herufi zile nazijua kuliko ninavyowajua wajukuu zangu. Zile nyeusi, zilizosimama kama askari wamevaa buti. Tukiziona zile, tunaficha."

Kunegunda alikaa mkekani. Hakukaribishwa mara ya pili, wala hakungoja.

"Zilikuja mara ya kwanza mwaka wa kuhama," alisema Abiti Kalembo. "Mikorosho yetu ilikuwa ng'ambo ya mto, marehemu baba yake Athumani aliipanda kwa mkono wake. Karatasi ikabandikwa: wote mhame, mkae pamoja kando ya barabara. Tukahama. Mikorosho ikabaki huko, ikaliwa na moto. Zikaja tena mwaka wa vita vya Uganda, zikataka vijana. Athumani wangu akaenda." Aliokota njugu nyingine, akaimenya. "Zikaja mwaka wa njaa, kusema mtu asivushe hata debe la mahindi kumpelekea dada yake. Basi. Kila zikija, kitu kinaondoka. Hazijapata kuja kutuambia karibuni chai."

Kila mwaka aliotaja, Kunegunda aliuona. Aliuona ulivyokuwa mezani kwake. Tangazo la kuhama: wananchi wote wanatakiwa kuhama, A zilimwishia kabla ya mstari wa pili, na hapo ndipo alipobuni ile mbinu ya kuchapa mara mbili, akajisifu nayo juma zima. Tangazo la vijana lilikuwa refu, akalibana likaenea karatasi moja bila kuonekana limebanwa. La mahindi alilipanga siku ya homa, na hata hivyo hapakuwa na kosa.

"Mtu anayezifanya zile," aliendelea bibi, "huwa namfikiria. Mwanamume. Ana tumbo, ana kalamu mbili mfukoni. Akimaliza kuziandika anakwenda kula nyama."

"Si mwanamume," alisema Kunegunda.

"Unamjua?"

"Ni mimi. Nilizipanga mimi. Hizi za ghalani, na zile za kwanza."

Mikono ya Abiti Kalembo ilisimama kwa mara ya kwanza.

"Zote?"

"Zote."

"Za kuhama pia?"

"Ndiyo, mama."

"Hukuuliza zinakwenda kufanya nini?"

Kunegunda alitafuta jibu lenye heshima, akalikosa. Lililobaki lilikuwa la kweli. "Niliangalia kama zimenyooka."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu. Kunegunda aliufahamu mtazamo ule. Ndio aliokuwa akiwatazama watu siku zote, Leonce na kadi zake, walimu na mistari yao. Hakujua kwamba ni mzito kiasi kile ukiwa upande huu.

"Zimenyooka," alisema Abiti Kalembo hatimaye. "Elo, ndiyo. Zimenyooka kweli kweli. Na gauni umevaa." Akayakung'uta maganda kwenye nguo yake. "Umepoteza nauli yako, mwanangu. Ulikuja kutuokoa na karatasi, na karatasi yenyewe ilikwisha kutukimbiza. Hatukukuhitaji."

"Basi nishukuru Mungu."

"Usimshukuru upesi. Malori mengine ya wanunuzi yanapita barabarani, ya watu wenye majina na bei zao. Wanaziona karatasi zako mlangoni, wanadhani serikali imekwisha kupashika mahali hapa. Wanakanyaga mafuta. Jana mawili. Huko porini mvua ya kwanza ikizikuta zile korosho, zitaoza, na mwaka huu hatuna kingine. Sasa hilo umekuja nalo dawa?"

Kunegunda aliinuka. "Nitaziondoa zile za mlangoni. Kisha nirudi Songea, niwapangie tangazo jingine, zuri, lenye jina la kijiji..."

"Kwa herufi zile?"

"Kwa uangalifu zaidi."

"Keti," alisema bibi. "Husikii. Hatutaki zuri."

Aliingia jikoni, akatoka na mfuniko wa boksi la sabuni na kipande cha mkaa, akaviweka vyote viwili magotini pa Kunegunda.

"Andika kwamba korosho zipo. Andika na jina langu. Andika kama mtu."

Kunegunda alikuwa hajaandika neno la kusomwa na umma kwa mkono wake tangu utawani. Akaushika mkaa kama kalamu ya wino. K ya kwanza ilipokwisha kusimama, mkono wake, bila kumwomba ruhusa, uliongeza kijistari chini ya mguu wa kushoto, kingine chini ya wa kulia.

"Hiyo ya nini?" aliuliza Abiti Kalembo, ambaye hakusoma.

"Ni kisigino. Huishikilia herufi isi..."

"Futa."

Akafuta kwa kiganja. Boksi likabaki na doa jeusi. Akaandika tena, na safari hii alilazimika kuuzuia mkono kila mwisho wa mstari, kama anayemzuia mbwa asiingie ndani. O ilitoka kama kiazi. R iliinama. Alipofika SH nafasi ilikuwa imekwisha kumwishia, ikabidi O ya mwisho aibananishe pembeni kabisa, mahali ambapo angemfukuza mwanafunzi yeyote kwa kuiweka. Alitaka kuomba boksi jingine.

"Inatosha," alisema bibi. "Hiyo nitaiamini hata mimi."

Walikwenda ghalani pamoja. Kunegunda alizibandua karatasi zake mbili kwa kucha, polepole, pembe baada ya pembe, kwa kuwa gundi ilikuwa nzuri. Brayson alisimama kutoka kitini.

"Mama, hizo nimezilipia."

"Chukua." Akamkabidhi. "Uandike jina lako chini yake, kwa mkono wako, ndipo uzirudishe. Hapo nitajua ni tangazo."

Brayson alizikunja, akamtazama Abiti Kalembo, akamtazama Kunegunda. "Wazee wa mkoa huu mna kazi," alisema, akarudi kukaa, lakini hakukaa sana; lori lake likaondoka tupu.

Boksi walilifunga kwa kamba kwenye mti ulio kando ya barabara, na bibi akaketi chini yake kana kwamba amekuja kupumzika. Kunegunda alisimama. Adhuhuri ilipita. Lori moja lilipita bila kusimama, na vumbi lake likamjaa kwenye gauni la Pasaka. La pili likapunguza mwendo, likapita, likarudi nyuma. Dereva akatoa kichwa dirishani, mwanamume mnene mwenye kofia ya kufuma, akasoma kwa kukunja uso, midomo ikimwenda.

"Korosho zipo. Uliza Abiti Kalembo. Ndiye nani?"

"Ndiye mimi," alisema bibi. "Na wewe nani, na bei yako kiasi gani, useme kabla hujashuka."

Dereva akacheka, akazima injini. Akiwa anashuka akalitazama boksi kwa karibu, lile doa, ile O iliyobanwa ukingoni kama abiria aliyechelewa.

"Jamani, nani kaandika hivi? Huyu alipita shule kweli?"

Kunegunda alifungua kinywa. Abiti Kalembo alimwahi, akimwelekezea kidevu bila kugeuka.

"Huyo hapo. Mwacheni, anajifunza."